KIWELE CHA NG'OMBE NA TITI LA MAMA

Ndugu wananchi wa Endasak,

Ng'ombe akivimba kiwele, bwana mifugo huitwa siku ile ile, wala hakuna mzee anayeona haya kulitaja jambo hilo mbele ya watu. Mke wa mzee huyo huyo akiona kijivimbe titini, huambiwa anyamaze! Ni heshima gani hiyo?

Sisi twasema ni ujinga, yule adui ambaye taifa lilimtangazia vita mwaka 1961, naye bado twampa kiti nyumbani. Mama halali usiku. Hana wa kumwuliza ila jirani, na jirani humhesabia waliokufa.

Akina mama, sikieni. Vivimbe vingi vya titi si saratani. Titi huweza kuuma hedhi ikikaribia. Msichana huweza kupata kijivimbe kinachoteleza chini ya kidole, kisicho na hatari. Lakini kidole hakiamui. Daktari hupima, na ikibidi huchukua chembe kwa sindano. Uvimbe mgumu, chuchu iliyozama, damu, au ngozi kama ganda la chungwa: usingoje! Wengi wa dada zetu hufika Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa umekwisha kuenea. Na Haydom ina hospitali tangu 1955. Katesh ni karibu zaidi.

Nauli? Bwana mwenye zizi asitulilie umaskini.

Nanyi waganga wa zahanati mnaosema "ni wasiwasi tu" bila kumpima mama, mshahara wenu ni kodi yake. Twataka pazia chumbani, na muuguzi wa kike siku ya mnada.