Mlinzi wa gereza haandikwi gizani

KISANGANI, TSHOPO – Tangu mwaka 2025, gereza jipya la Kisangani limezungumzwa kila mahali, kutoka soko kuu mpaka ng'ambo ya Lubunga, na mazungumzo yote yamekuwa juu ya pesa. Tarehe 2 Septemba 2025, Cour de cassation mjini Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ngumu kwa kupotosha zaidi ya dola milioni 19 zilizotengwa kujenga gereza hilo. Yeye alikana mashtaka mpaka mwisho. Uchungu wa wakaaji wa hapa ni mkubwa zaidi kwa sababu pesa hizo zilitoka FRIVAO, mfuko wa kuwalipa watu walioumizwa na vita vya Uganda katika nchi hii, wakiwemo wahanga wa vita vya siku sita vya Juni 2000 hapa hapa Kisangani.

Ni haki watu wakasirike. Lakini hasira hiyo imeishia kwenye simenti na mchanga. Kuna swali ambalo halijaulizwa kwa sauti: siku gereza hilo litakaposimama, nani atashika funguo zake? Atachaguliwa kwa sheria gani? Na kijana atakayekataliwa ataenda kulalamika wapi?

Swali hilo si dogo. Gereza bila walinzi waliochaguliwa vizuri ni kaburi lenye mlango. Kongo imekwisha kuliona hilo mara nyingi. Oktoba 2020 huko Beni, gereza la Kangbayi lilivamiwa na wafungwa zaidi ya 1.300 wakatoka. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2024 huko Makala, Kinshasa, katika gereza lililojengwa kwa watu 1.500 na lililokuwa limejazwa mara nyingi zaidi ya hapo, watu 129 walikufa kwa hesabu ya serikali yenyewe, na wanawake wengi walibakwa. Januari 2025 huko Munzenze, Goma, wafungwa walivunja milango wakati vita vinaingia mjini. Wanawake zaidi ya 100 walibakwa, na wengi wao waliungua pamoja na watoto wao.

Katika magereza mengi ya nchi, ndani ya ukuta anayetawala si mlinzi, ni kapita, yaani mfungwa mwenye nguvu. Yeye ndiye anayeamua nani alale wapi, nani alipe nini akiingia, nani apigwe. Leta inabaki nje, mlangoni, na bunduki. Katiba, katika kifungu cha 18, inasema kila mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na heshima yake. Kapita hakuapa kulinda Katiba. Mlinzi wa gereza ndiye anayepaswa kufanya kazi hiyo, na ndiyo maana namna ya kumwandika ni jambo la uhai na kifo.

Sheria iko, kinachokosekana ni kuitumia. Katiba, katika kifungu cha 193, inasema utumishi wa serikali hauna chama wala upendeleo, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuugeuza kuwa mali yake. Sheria nº 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, inayohusu watumishi wa serikali, inaweka konkuru kuwa mlango wa kuingilia kazini. Konkuru maana yake ni mtihani uliotangazwa, wenye masharti yaliyoandikwa, ambao kila mwenye sifa anaufanya na matokeo yanabandikwa ukutani.

Lakini waulizwe vijana wa Mangobo, Kabondo au Lubunga: wanajua kazi ya Leta inapatikana namna gani? Watajibu bila kufikiri. Unahitaji mtu. Unahitaji rekomandasio ya mkubwa fulani. Unahitaji kutoa madesu ya bana. Tangazo, kama lipo, linafika baada ya majina kuisha kuandikwa. Dosie yako inapokelewa, hupewi karatasi ya kuonyesha kwamba imepokelewa, na ukirudi unaambiwa: subiri. Mwaka unaisha. Mwingine anafanya kazi miaka bila matrikule wala mshahara, na mlinzi asiye na mshahara atakula kwa mfungwa, kwa mama wa mfungwa aliyeleta sahani ya pondu.

Wakubwa wana jibu lao: kama kuna watu walioonewa, mbona hawakwenda kortini? Jibu hilo linawashtaki wao wenyewe. Mtu anashtaki sharti alilolisoma. Sharti lililofichwa mfukoni mwa mkubwa, nani atalishtaki? Kimya cha korti zetu juu ya jambo hili hakionyeshi kwamba hakuna dhuluma. Kinaonyesha kwamba dhuluma haijaandikwa popote.

Tuangalie nchi ambako masharti yaliandikwa. Huko Marekani, jimbo la Alabama lilikuwa na sharti kwamba mlinzi wa gereza asipungue futi 5 na inchi 2, karibu mita 1,57, na uzito wa ratili 120, karibu kilo 54. Msichana mmoja aliyekuwa ametoka chuo kikuu, Dianne Rawlinson, alikataliwa kwa sababu ya uzito wake. Alishtaki. Mwaka 1977 kesi ilifika Korti Kuu ya nchi hiyo. Hesabu zilionyesha kwamba sharti hilo lilifungia nje zaidi ya wanawake 40 katika kila 100, lakini halikugusa hata mwanaume 1 katika 100. Serikali ya jimbo ilijitetea kwamba mlinzi anahitaji nguvu. Korti ikajibu: kama mnataka nguvu, pimeni nguvu, urefu na kilo si nguvu. Sharti likaanguka.

Mfano wa pili ni wa Estonia, nchi ndogo ya Ulaya. Mlinzi mmoja wa gereza la mji wa Tartu alifanya kazi hiyo karibu miaka 15. Sikio lake moja lilikuwa halisikii vizuri tangu utoto. Likaja sharti la kiwango cha kusikia, naye akaachishwa kazi mwaka 2017. Ajabu ni kwamba sharti hilo liliruhusu mlinzi avae miwani, lakini halikuruhusu avae kifaa cha kusaidia sikio. Tarehe 15 Julai 2021 Korti ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba Leta haiwezi kumfukuza mtu hivyo bila kwanza kuangalia kama anaweza kufanya kazi yake kwa msaada mdogo.

Na hapa karibu, Kenya, Oktoba 2025, korti ya kazi ilisimamisha uandikishaji wa polisi 10.000. Tarehe 30 ya mwezi huo ikaamua kwamba tume iliyotangaza uandikishaji haikuwa na mamlaka hayo. Hapo ubishi haukuhusu mlinzi wa gereza, ulihusu polisi, lakini swali ni lile lile la kwetu: ofisi ipi hasa ina haki ya kuandika watu wa kushika silaha na funguo?

Kesi hizo tatu zinafundisha jambo moja. Sharti la kazi lipime kazi yenyewe, litolewe na mwenye mamlaka, na liwekwe mahali ambapo hata masikini anaweza kulisoma na kulibishia. Hilo halihitaji utajiri wa Ulaya. Linahitaji karatasi, gundi na ukuta wa ofisi ya komine.

Kesi ya Alabama ina nusu ya pili ambayo isifichwe. Korti ile ile iliyoangusha sharti la uzito ilikubali wanawake wasipewe kazi za kukaa karibu na wafungwa katika magereza makali ya wanaume, kwa sababu magereza ya jimbo hilo yalikuwa yamejaa fujo. Jaji Thurgood Marshall alipinga: anayetishia mlinzi mwanamke aadhibiwe, mwanamke asinyimwe kazi. Marshall alikuwa na haki. Fujo ni kosa la Leta, na Leta haiwezi kutumia kosa lake kama sababu ya kumfungia mtu mlango.

Kwetu jambo hilo ni zito kuliko huko. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa Desemba 2015, zinasema mfungwa mwanamke alindwe na mlinzi mwanamke. Baada ya Makala na Munzenze, anayeandika sharti la urefu au kilo linalowaangusha wasichana wengi anajua anaacha wafungwa wanawake mikononi mwa nani.

Sasa jambo la familia zilizokimbia. Tangu Februari 2023, mgogoro wa Mbole na Lengola umechoma nyumba na kutawanya watu wa ng'ambo ya Lubunga. Wengine wamefika mjini kutoka mbali zaidi wakikimbia bunduki. Nyumba ikiungua, diploma inaungua pamoja nayo. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, vyote vinakuwa majivu. Kisha linakuja tangazo la kazi: leta diploma halisi, leta hati ya makao, leta cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa chifu wa kwenu. Chifu yupi? Kijiji kipi? Kijana aliyeponea porini anaambiwa dosie haijakamilika. Hakuna aliyeandika kwamba wakimbizi wa ndani hawaruhusiwi. Lakini sharti limewakata wote, kama kilo za Alabama zilivyowakata wanawake.

Na Katiba imekataza hilo kwa maneno yaliyo wazi. Kifungu cha 13 kinasema hakuna Mkongomani atakayebaguliwa katika kuingia kazi za serikali kwa sababu ya dini, ukoo, hali ya maisha, kabila, maoni yake, wala makao yake. Makao! Waliotunga Katiba ya 2006 walitoka vitani. Walijua kwamba watu wa nchi hii wanahama wakiwa na mtoto mgongoni.

Wengine watasema: kazi za Tshopo ziwe za wana-Tshopo kwanza. Maneno hayo ni matamu, lakini mwana-Tshopo ni nani? Yule wa Makiso peke yake, au pia yule wa Lubunga anayelala leo chini ya hema? Wengine watasema: ni jambo la usalama, hatuwezi kumpa funguo mtu asiyejulikana. Ni kweli mlinzi achunguzwe. Lakini achunguzwe mtu, lisichunguzwe kabila lake. Na usalama wenyewe unadai walinzi wachanganyike. Mtu akifungwa kwa ajili ya mgogoro ule, kisha akute walinzi wote ni wa upande mmoja, atalala usingizi? Na ndugu zake walio nje wataamini nini wakisikia amekufa?

Yanayotakiwa si mengi, na hayagharimu dola milioni 19. Kabla ya mlinzi hata mmoja kuandikwa kwa ajili ya Kisangani au Osio, masharti yatangazwe kwa redio, kwa Kiswahili na Lingala, na yabandikwe kwenye komine zote 6 na katika makambi ya wakimbizi wa ndani. Kila sharti lielezwe linapima sehemu gani ya kazi. Diploma iliyoungua itafutwe katika orodha za mitihani ambazo Leta yenyewe inazo, na hukumu ya korti ipokelewe mahali pa cheti cha kuzaliwa. Kila anayetoa dosie apewe karatasi yenye tarehe na muhuri. Alama zibandikwe, si majina ya waliofaulu tu.

Na kijana naye ana kazi yake. Sheria ya viti vya utawala ya tarehe 15 Oktoba 2016 inampa mlango: kwanza aandike malalamiko kwa ofisi iliyomkataa, katika miezi 3 tangu uamuzi utangazwe au apewe taarifa, na abaki na nakala yenye muhuri. Ofisi ikikataa au ikinyamaza, uamuzi wa wakubwa wa taifa unashtakiwa mbele ya Conseil d'Etat huko Kinshasa. Ni mbali, na wakili anadai pesa. Ndiyo maana malalamiko yaandikwe na watu wengi pamoja, na mashirika ya raia yawasindikize. Dianne Rawlinson alikuwa mtu mmoja. Vijana 50 wenye karatasi 50 zenye muhuri hawafukuzwi mlangoni kwa urahisi.

Pesa za wahanga zimekwisha kuliwa mara moja kwa jina la gereza hili. Kazi zake zisiliwe pia. Ukuta uliojengwa vibaya unaonekana na kila mpita njia. Mlinzi aliyenunua nafasi yake haonekani, mpaka usiku ule milango itakapofunguka na wanawake kuanza kupiga kelele.