KUARIFIWA SI KUSHAURIWA



Kuna maneno mawili ambayo wakubwa hupenda kuyavisha kanzu moja: kuarifu na kushauri. Kuarifu ni kumwambia mtu jambo lililokwisha kukatwa. Kushauri ni kumwuliza kabla halijakatwa, na kuwa tayari kuligeuza iwapo hoja yake ni nzito. Mteja akikuta mchele umekwisha kupimwa na deni limekwisha kuandikwa, kisha ndipo aulizwe kama anautaka, hakuna mwenye akili atakayesema kwamba amenunua kwa hiari yake. Basi twauliza: kwa nini biashara isiyokubalika dukani ikubalike baharini?

Jambo hili si la jana tu. Mwezi wa Desemba 2022 mataifa yalikutana Montreal yakaafikiana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe chini ya hifadhi. Mapatano hayo hayo yanataka haki za wenyeji ziheshimiwe. Maadamu ahadi imetolewa, mistari mipya itachorwa katika ramani, na sisi wa visiwani ndio tuliozungukwa na bahari inayotafutwa. Yatupasa tujue mapema yaliyowafika waliotutangulia.

Asidhani mtu kwamba sisi ni maadui wa hifadhi. Mwenye kuipiga bahari kwa baruti anaua mama na mtoto kwa mlio mmoja, na mwamba anaouvunja hauoti tena katika umri wake. Sisi ndio wa kwanza kumlaani. Ndugu zetu wa Mafia walikuwa na kilio hicho hicho. Ilipoletwa Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, na mwaka 1995 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza Tanzania, yenye kilomita za mraba 822, wengi wao waliipokea kwa furaha, wakitumaini kwamba wapiga baruti kutoka nje watafukuzwa. Na sheria yenyewe ilinena vyema: wenyeji washirikishwe katika hatua zote za kupanga, kuendeleza na kusimamia.

Walakini maneno ya karatasini ni jambo moja, na boti ya doria ni jambo jingine. Mvuvi aliyetaraji kulindwa alijikuta yeye ndiye anayelindiwa bahari. Akaambiwa hapa usivue kabisa, pale vua kwa kibali, na juya lako liache. Watazameni watu wa Jibondo, kisiwa kidogo cha mwamba, ambacho watu wake ni wavuvi na mafundi wa vyombo. Kwa miaka mingi walikataa kushirikiana na watu wa hifadhi. Wakaitwa wakaidi. Lakini mtu asiye na shamba ukimfungia bahari umemfungia mlango wa jikoni, na mwenye kuutetea mlango wa jikoni haitwi mkaidi.

Tena ramani haijui upepo. Mwenye ngalawa katika kaskazi tulivu huweza kuvuka mwamba akavua nje. Likivuma kusi hathubutu; huvua ndani, penye kivuli cha mwamba, na hapo aghalabu ndipo wataalamu wapendapo kupatenga, kwa kuwa ndipo penye matumbawe mazuri. Mwanamke naye hafuati upepo, hufuata bamvua. Maji yakitoka hushuka pwani kutafuta pweza na chaza. Je, mwanamke huyu ameulizwa? Mikutano huitishwa wakati gani, na nani hukaa mbele? Sisi wenye maduka tunayaona matokeo kabla hayajaandikwa katika ripoti yoyote. Bahari ikifungwa, unga huchukuliwa kwa mkopo, kisha sukari, kisha mafuta ya taa, na daftari la deni hujaa kabla mwezi haujaandama.

Na iko haja ya kuuliza: je, sheria hii ni ya wote? Mwaka 2000 ilitangazwa hifadhi nyingine, ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa mto Ruvuma, huko Mtwara, yenye kilomita za mraba 650. Ndani ya hifadhi hiyo hiyo gesi inachimbwa. Mvuvi huambiwa wavu wake unaharibu mazingira, ilhali mtambo wa gesi una nafasi yake ndani ya mpaka. Huenda gesi ina manufaa kwa taifa, hatubishani. Twasema tu kwamba kama mpaka unaweza kumfungulia mwenye mtambo, basi unaweza pia kumsikiliza mwenye mtumbwi.

Wala asituambie mtu kwamba njia nyingine haipo. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi walikuwa wakikiheshimu tangu zamani kwa hadithi ya Nabii Khidhr, na mafunzo ya kuitunza bahari yalipitishwa misikitini na madrasani, kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa na kwa watu anaowaamini. Hatusemi kwamba huko hakuna lawama. Twasema kwamba aliyeanza kwa kuheshimu wenyeji alipata masikio, na aliyeanza kwa boti ya doria alipata migongo.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, popote itakapoletwa habari ya kutenga bahari, simameni katika mambo manne. Kwanza, ramani ibandikwe kijijini kabla ya mkutano, kwa Kiswahili, na majina ya miamba yawe yale tuyajuayo sisi. Pili, wavuvi wa kusi, wavuvi wa kaskazi na wanawake wa pwani wote waulizwe, kila kundi kwa wakati wake. Tatu, sahihi ya mahudhurio na posho isigeuzwe kuwa sahihi ya ridhaa. Muhtasari usomwe mbele ya watu kabla haujapelekwa mjini. Nne, fedha za viingilio vya wageni zitajwe mapema: ngapi zitabaki kijijini, na nani atazihesabu hadharani.

Akija mtu akayakubali haya manne, mkaribisheni, mpeni chombo, mwonyesheni miamba. Akija na karatasi iliyokwisha kupigwa muhuri, mwambieni kwa adabu kwamba mmearifiwa, wala hamkushauriwa, na mtake jambo hilo liandikwe katika muhtasari hivyo hivyo.