Nani Kasema Saa Tatu Asubuhi ni Saa ya Kazi?

Mwaka 2016, muda si mrefu baada ya kuingia Ikulu, Rais John Magufuli wa Tanzania, mzaliwa wa Chato mkoani Geita, aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pulu saa za kazi. Wakuu wa mikoa na wilaya wakaidaka kauli hiyo, makatazo yakafuatana. Magufuli hayupo tena, lakini ubishi umebaki: kijana anayeshika fimbo asubuhi ni mvivu, au naye yuko kazini kwake?

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama swali hili ni gumu kuliko kwingine, kwa kuwa dhahabu haifuati saa za ofisi. Mgodi mkubwa wa Geita, unaozalisha tangu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu huko Kahama hufanya kazi kwa zamu, usiku na mchana. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, huko Nyarugusu au Mgusu, mtu hutoka shimoni alfajiri, na mara nyingi mshahara hana. Anangoja mgao wa mifuko ya mawe. Akiupata, anangoja zamu yake kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, halafu anangoja uchenjuaji wa dhahabu, ambao waweza kula siku kadhaa. Kungoja ni sehemu ya kazi yake. Ukimkuta saa tatu asubuhi chini ya turubai, buti zimejaa vumbi la mawe, anasukuma sarafu mezani na mipira inaporomoka kwa kishindo, usikimbilie kumwita mzururaji. Kwake hiyo ndiyo jioni.

Hapo namtetea. Wanaokwenda mbali zaidi na kudai kuwa pulu ni ajira, hao wanatia chumvi.

Tuangalie mchezo ndugu wa pulu ambao kweli una watu wanaoishi kwa fimbo: snuka. Uwanja wa meza yake una eneo zaidi ya mara tatu ya meza ya pulu ya baa, na mipira ni 22. Ligi yake ya kulipwa ina nafasi zipatazo 128 kwa dunia nzima. Bingwa wa dunia, anayepatikana kila mwaka Sheffield, Uingereza, hulipwa pauni 500,000. Walio chini hawana raha hiyo. Msimu wa 2022/23 waendeshaji waliona haja ya kumhakikishia kila mchezaji pauni 20,000 kwa msimu, tena kama malipo ya awali yanayokatwa kwenye zawadi zake. Toa humo nauli, hoteli na mwalimu. Afrika imewahi kufika mbali: Perrie Mans wa Afrika Kusini alicheza fainali ya dunia mwaka 1978, na mwenzake Silvino Francisco akatwaa British Open mwaka 1985. Ila nani huku kwetu aliyekua na meza ya snuka jirani?

China inafundisha zaidi. Ding Junhui alishinda China Open mwaka 2005 akiwa na miaka 18, na mwaka 2025 Zhao Xintong akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Katikati ya miaka hiyo 20 kulikuwa na kumbi, walimu na watoto wanaorudia pigo lilelile kutwa nzima. Mchezaji wa kulipwa hutengenezwa mchana, akiwa macho makavu. Ndiyo maana katazo la mchana linanikera: linaziba saa za mazoezi na kuacha wazi saa za bia.

Maana meza zetu ziko baa. Mguu mmoja umewekewa boksi lililokunjwa, kitambaa kimechanika karibu na tundu, mpira unajiendea wenyewe. Anayefungwa analipia meza, na pembeni watu wameshaweka hela zao. Hapo kijana anajifunza mbwembwe na kucheza kwa dau. Hata mashindano ya taifa ya pulu yalitegemea kwa miaka mingi udhamini wa Safari Lager. Mabingwa wa mikoa walipatikana, lakini meza haikutoka baa.

Fedha ya kuitoa ipo. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, migodi hupanga na halmashauri matumizi ya fedha za kijamii, na kwa Geita zimekuwa zikifika shilingi bilioni 9 hivi kwa mwaka. Katika michezo, macho yote yako kwenye soka: uwanja umejengwa, na Geita Gold ikapanda Ligi Kuu mwaka 2021, ikashuka 2024. Sina ugomvi na soka. Lakini meza mbili nzuri kwenye ukumbi wa vijana usiouza pombe, zikiwa na mwalimu na ratiba, ni tone tu katika bajeti hiyo. Wanafunzi waingie baada ya masomo. Katazo la kuwaweka wanafunzi mbali na meza za baa libaki palepale, na likazwe.

Mpaka hilo lifanyike, kijana mchimbaji wa Katoro, Geita, akiniuliza kama aache duara awe mchezaji wa kulipwa, nitamjibu hapana. Mkuu wa wilaya akiniuliza kama amkamate saa tatu asubuhi, jibu ni hilohilo.