Matembezi ya Karani: Tuta Lililotobolewa kwa Kusudi

Wasomaji wa safu hii watakumbuka ya kwamba mwezi wa Aprili nilipelekwa Uholanzi kwa mafunzo ya majuma sita juu ya utunzaji wa mafaili. Habari za mafaili zanichosha mimi mwenyewe, basi sitawachosha wengine. Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa Mei nilikuwa na siku nzima yangu, nikafunga mkate na jibini katika karatasi, nikaenda kwa miguu kutoka Wageningen mpaka Amerongen, maili kumi na mbili hivi kando ya mto. Na niliyoyaona huko yawahusu wakulima kuliko makarani.

Wageningen ni mji mdogo, lakini mabwana shamba wetu wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya chuo cha kilimo kilichoanzishwa huko mwaka 1876, ambacho kimefundisha watu wa mataifa mengi, Wakenya wakiwamo. Katika hoteli moja ya mji huo, tarehe 5 Mei 1945, jemadari wa Kanada na jemadari wa Kijerumani walikutana kupatana juu ya kujisalimisha kwa majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa Uholanzi. Nilipita mbele yake asubuhi na mapema, milango ikiwa imefungwa bado, nikateremka mpaka mtoni.

Hapo ndipo nilipoliona tuta. Msomaji asifikiri tuta la viazi. Hili ni boma refu la udongo lililoota majani, kimo chake chapita mara mbili kimo cha mtu, na juu yake pana njia nzuri ya kupita watu na baiskeli. Kondoo hulishwa ubavuni mwake ili majani yawe mafupi na mizizi ishike udongo. Mkono wa kushoto pana mto, ambao ni tawi moja la Rhine. Mkono wa kuume pana bonde tambarare lenye mashamba na nyumba, nalo liko chini kuliko maji ya mto wakati wa mafuriko. Jina la tuta ni Grebbedijk. Tarehe 5 Machi 1855 barafu ilikwama mtoni, maji yakapanda, tuta likavunjika karibu na Wageningen, na bonde likajaa maji hata mji wa Veenendaal. Likivunjika leo maji yaweza kufika Amersfoort, mji mkubwa ulio mbali sana na mto huu.

Kwa hiyo Waholanzi hawafanyi mzaha na matuta yao. Tangu karne ya 13 wamekuwa na mabaraza ya maji, ambayo kazi yake ni pamoja na matuta, mifereji na mapampu. Leo yamesalia 21. Kila mwenye nyumba na mwenye shamba hulipa kodi yake kwa baraza, na hupiga kura kuwachagua wajumbe wake. Niliyapenda sana mambo haya, labda kwa kuwa mimi ni karani: fedha zilizokusanywa kwa ajili ya tuta zaenda kwenye tuta, na mwenye kulipa aweza kupanda juu yake siku ya Jumamosi akaitazama kodi yake kwa macho.

Baada ya mwendo wa saa moja hivi nilifika mahali paitwapo Blauwe Kamer, nikashangaa. Tangu zamani wakulima wa kando ya mito hii walikuwa na matuta mawili. Dogo, lililo karibu na maji, huitwa tuta la kiangazi, nalo huzuia mafuriko madogo ili ng'ombe wapate malisho. Kubwa, nililokuwa nikitembea juu yake, huzuia mafuriko ya majira ya baridi. Nchi iliyo katikati ilikuwa malisho, na mfinyanzi wake ulichimbwa kwa kufanyia matofali. Kiwanda cha matofali cha zamani kipo mpaka leo, kimekuwa gofu. Basi mwaka 1992 watu walilitoboa lile tuta la kiangazi, kwa kusudi, mto ukaingia malishoni. Sasa pana vidimbwi, mierebi na matope. Farasi wadogo wa kijivu, ambao asili yao ni Poland, hutembea huko pamoja na ng'ombe wenye manyoya marefu, hawana zizi wala mchungaji. Nikaona kwa mbali domomwiko weupe wakichota matope kwa midomo yao, na ndege wengine wengi nisiowajua majina.

Mimi ni mtoto wa mkulima, nami nasema kweli: moyo wangu haukupendezwa. Malisho mazuri yamepewa ndege! Nyumbani kwetu mtu aliyelibomoa tuta la jirani yake angeitwa mbele ya chifu kabla jua halijatua.

Kulikuwa na mzee mmoja ameketi juu ya benchi pamoja na mbwa wake. Nikamwamkia, naye, aliposikia nimetoka Kenya, akasogea nikae. Nikamwambia, "Mzee, samahani, nani aliyewaruhusu kuiharibu nchi hii?" Akacheka. Alisema yeye ni mtu wa ng'ambo, upande wa kusini wa mto, na alikuwa akifuga ng'ombe wa maziwa. Wakati shauri hili lilipotolewa, mwaka 1986, wataalamu waliloandika wakaliita kwa jina la ndege korongo, na wafugaji wengi waliona kama yeye: wenye digrii wanachezea majani ya watu wengine. "Kisha ukaja mwaka 1995," akasema, akanyamaza kidogo.

Mwishoni mwa Januari mwaka huo mito ilipanda sana hata serikali ikaogopa kwamba matuta makubwa hayatastahimili. Watu wapatao 250,000 waliamriwa kuhama makwao. Mzee alisema watu walipata malori ya kuwachukulia wanyama popote walipoweza. Ng'ombe wake walikwenda kukaa katika mazizi ya mtu asiyemfahamu, wawili wakaharibu mimba njiani. Matuta hayakuvunjika, watu wakarudi baada ya siku chache. Lakini alisema tangu hapo hakulala usingizi uleule.

Ndipo aliponieleza sababu, akichora mavumbini kwa fimbo yake. Mto uliobanwa kati ya matuta hauna mahali pa kumwaga udongo wake ila palepale kando yake, basi nchi iliyo katikati ya matuta huinuka mwaka hata mwaka. Nchi iliyo nyuma ya matuta, kwa kuwa imekaushwa kwa mifereji, hushuka. Ukiliongeza tuta kimo, unaongeza tu kimo cha maji yatakayoanguka siku litakapovunjika. Kwa hiyo, baada ya 1995, Waholanzi walifanya mpango mkubwa wa kuupa mto nafasi, katika mahali zaidi ya 30: huku wakirudisha matuta nyuma, huku wakichimba mifereji ya kando, huku wakishusha nchi yenyewe.

Nikamwuliza, "Na wenye mashamba je?" Akanieleza habari za bonde moja liitwalo Overdiepse Polder, kando ya mto Maas. Wakulima wa huko waliposikia bonde lao litaachiwa maji hawakungoja kufukuzwa. Walikwenda wenyewe na shauri lao: tuta lishushwe, lakini serikali ijenge vilima vya udongo, nyumba na mazizi yawekwe juu yake. Ikafanyika hivyo. Lakini vilima havikutosha wote. Walikuwako wenye mashamba 17, wakasalia nusu hivi, wengine wakalipwa wakaenda kulima kwingine. "Waliosalia huonyeshwa wageni," akasema mzee. "Waliokwenda hawaonyeshwi."

Maneno hayo nilikwenda nayo njia yote iliyobaki. Nafikiri wasomaji wangu wa Budalangi, ambao wameona matuta ya Nzoia yakivunjika mara kwa mara, watayapima vizuri kuliko mimi ninayekaa mlimani. Kwa maoni yangu wataalamu walikuwa na haki juu ya mto. Juu ya wale waliokwenda sina hakika.

Mwisho wa tuta ni kilima cha Grebbeberg, na baada ya nchi tambarare hata kilima kidogo kile chatoa jasho. Hapo wamezikwa askari wa Kiholanzi. Zaidi ya 400 walikufa katika mapigano ya siku tatu ya Mei 1940. Mashada ya maua ya maombolezo ya tarehe 4 Mei yalikuwa hayajanyauka yote. Ng'ambo ya kilima ni Rhenen, mji wenye mnara wa kanisa unaokaribia futi 270, uliojengwa kati ya miaka 1492 na 1531. Nilikunywa kahawa chini yake, ghali mno, nikaondoka.

Kutoka Rhenen mpaka Amerongen, kupitia kijiji cha Elst, upande mmoja ni mwitu na upande mwingine ni malisho ya mtoni, ambayo baadhi yake yameachiwa ndege na maua kama yale ya asubuhi. Jambo lililonishangaza ni tumbaku. Nchi hii ya baridi ililima tumbaku tangu karne ya 17, na maghala marefu ya mbao ya kuikaushia bado yamesimama, ingawa zao lenyewe limekwisha.

Amerongen ni mji mdogo sana, nyumba za matofali na ngome moja kubwa ndani ya handaki la maji. Wafaransa waliichoma moto mwaka 1673, ikajengwa upya. Humo ndimo alimokimbilia Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani tarehe 11 Novemba 1918, siku ileile vita vilipokoma Ulaya, na tarehe 28 akatia sahihi ya kuacha ufalme. Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu jemadari wake von Lettow-Vorbeck aweke silaha huko Abercorn, baada ya miaka minne ya kuwakimbiza watu katika Afrika Mashariki. Wapagazi wetu waliokufa katika vita vile ni maelfu kwa maelfu, na Nairobi jina lao limesalia katika mtaa wa Kariokor. Wazee wetu waliwaita Wajerumani "Wadachi". Sijui wangesemaje kusikia kwamba mwenye vita alipewa kitanda na Wadachi wa kweli. Nilisimama mbele ya lango mpaka mlinzi akaniuliza kama nataka tikiti. Nikasema hapana.

Nilirudi kwa basi. Niliketi dirisha la kuume nipate kuutazama mto tena, lakini baada ya Grebbeberg, mpaka Wageningen, sikuuona hata mara moja. Niliona tuta tu, jeusi kwa jioni, na kondoo juu yake.