Ufukwe Wasamehewa, Chapwa Yakatwa

Sisi wa Chapwa hatuna bahari. Tuna vumbi la malori yaendayo Zambia, tuna vyumba vya kupanga vya matofali ya kuchoma, na ukutani tuna mita ya LUKU. Mita hiyo ndiyo mtoza kodi wetu. Tangu Agosti 2021, mtu akinunua umeme kodi ya jengo hukatwa kwanza, kisha ndipo apewe uniti zilizosalia. Akikaa gizani miezi mitatu kwa kukosa fedha, siku akizipata hukatwa ya miezi yote mitatu. Hapewi nafasi ya kudaiwa!

Tena anayekatwa mara nyingi si mwenye nyumba, ni mpangaji. Sheria yamtaja mwenye jengo, lakini mpangaji gani atamfuata baba mwenye nyumba kudai Sh. 1,500 zake za mwezi, asiambiwe afungashe vyombo?

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kodi ya nyumba isiyo ya ghorofa kutoka Sh. 12,000 hadi Sh. 18,000 kwa mwaka. Sasa, ndugu msomaji, twende Dar es Salaam, kwenye mkahawa wa ufukweni ambako sahani moja ya samaki yaweza kuipita kodi hiyo ya mwaka mzima. Jengo lake halina ghorofa. Kodi yake je? Sh. 18,000, sawa na kibanda cha Chapwa. Wenye ghorofa walipangiwa Sh. 90,000 kwa kila sakafu, lakini mkahawa wa ufukweni wataka ghorofa ya nini? Wateja hawafuati kuta. Wanafuata kiwanja.

Na thamani ya kiwanja hicho ameifanya nani? Mwenye mkahawa hakuumba bahari. Barabara, nguzo za umeme na mabomba vimeletwa kwa fedha za umma, zikiwamo zetu. Hata hapa Tunduma, viwanja vya kando ya barabara kuu vimepandishwa bei na forodha, na barabara yenyewe, na reli ya TAZARA iliyojengwa mwaka 1970 hadi 1975. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili tangu 1958, alipopinga mpango wa wakoloni wa kuifanya ardhi mali ya mtu binafsi ya kuuzwa.

Watatujibu kwamba iko kodi ya pango la ardhi, nayo hutazama ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Naam, ipo. Lakini hiyo haikatwi na mita. Mwenye kiwanja huletewa ankara, naye akitaka huitia mtotoni. Malimbikizo yalifika hadi mwaka 2022 Serikali ikatangaza msamaha wa riba kwa atakayelipa deni la msingi. Wajane na wazee waliopona kwa msamaha huo hatuwaonei kijicho. Twauliza juu ya wale waliokuwa wakihesabu mauzo kila jioni huku wakidaiwa. Mpangaji wa Chapwa alisamehewa nini?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yampa Rais uwezo wa kufuta hati ya asiyelipa. Twataka madeni ya viwanja vya ufukweni yabandikwe hadharani kwenye mbao za halmashauri, na kodi ya jengo ifuate thamani ya mahali lilipo. Wabunge tuwaulize hayo kabla ya bajeti ijayo, wangali majimboni.