MAMBO YA MIFUGO: Maji ya Ng'ombe Nayo Yapimwe



Mfugaji wa Mahoo hupima maziwa kila asubuhi, kwa kuwa mnunuzi hudai hesabu. Maji hayapimi. Ukimwuliza ng'ombe wake alikunywa kiasi gani jana, atakujibu ya kwamba alikunywa akatosheka. Hilo si jibu la mtu ajuaye kazi yake.

Sababu si ngumu kuitambua. Nchi ya Taveta iko chini ya mlima Kilimanjaro, na maji ya mlima huo hububujika huku katika chemchemi za Njoro, na mengine hupita katika mto Lumi hata Ziwa Jipe. Mtu aonaye maji yakipita mferejini kando ya migomba yake hadhani ya kwamba mnyama wake aweza kuwa na kiu. Lakini ng'ombe wa gredi afungiwaye bandani hawezi kujiendea mferejini. Hunywa yale tu aliyoletewa kwa debe, na mletaji mara nyingi ni mama wa nyumba, au mtoto aliyetoka shule hali amechoka.

Yafaa ijulikane ya kwamba katika kila sehemu 100 za maziwa, sehemu 87 hivi ni maji matupu. Ng'ombe atoaye maziwa mengi, katika joto la tambarare zetu, huhitaji lita 60 hadi 100 kwa siku, yaani madebe matatu hadi matano ya lita 20. Mbuzi aweza kutosheka kwa lita nne au tano. Ng'ombe akipunjwa debe moja hafi, hupunguza maziwa. Ndipo mwenyewe huanza kulaumu majani, au mbegu ya dume, au jicho la jirani, akaenda kununua dawa isiyotakiwa.

Kupima hakuhitaji chombo cha thamani. Mimina debe moja katika birika la kunyweshea, piga mstari wa rangi mahali maji yalipofika. Mimina la pili, piga mstari mwingine, hata birika lijae. Tangu siku hiyo mtoto yeyote ajuaye kuhesabu aweza kusoma birika asubuhi na jioni, na kuandika katika daftari pamoja na hesabu ya maziwa. Baada ya majuma mawili utaona mwenyewe jinsi hesabu hizo mbili zinavyofuatana.

Tena lifunike birika kwa bati muda wa saa mbili, hali hakuna mnyama anywaye. Maji yakishuka chini ya mstari, pana ufa. Wenye bomba nao watazame koki zao. Koki ivujayo kikombe cha robo lita kwa dakika hupoteza lita 360 kwa siku, yaani madebe 18, na maji hayo yangewatosha ng'ombe watatu wa maziwa hata wakati wa joto kali. Nimeona watu wakigombania zamu ya mfereji huku koki ya nyumbani ikilia usiku kucha.

Daftari lina faida kubwa zaidi wakati wa ukame. Mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la taifa mwezi wa Septemba, 2021. Na kabla mambo hayajatengemaa mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa nchini. Mwenye kupima huona maji yakipungua juma kwa juma, naye aweza kuuza fahali angali ana nyama mwilini. Asiyepima hungoja mpaka mbavu zihesabike, na wakati huo mnunuzi ndiye apangaye bei.

Mnyama mwenyewe naye atazamwe. Vuta ngozi ya shingo kwa vidole, kisha iachilie: ikikawia kurudi, au macho yakididimia na kinyesi kikakauka, maji hayamtoshi. Wala asipelekwe kunywa penye matope na konokono, kwa maana huko ndiko apatako minyoo ya maini.

Ndama aliyekaa na kiu muda mrefu asiachiwe birika zima. Apewe kidogo kidogo, kwa kuwa maji mengi ya ghafula huharibu damu yake, na mkojo huwa mwekundu. Ukiuona hivyo, mwite afisa wa mifugo siku ile ile.