Balsa Isichukue Shimo la Mkarafuu



Baadhi yetu wauliza habari za mti wa balsa, wakitaka kuupanda palipokufa mikarafuu. Sifa zake ni za kweli. Asili yake Amerika ya Kusini, hukatwa baada ya miaka mitano au sita tu, na ubao wake ni mwepesi ajabu. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl alitoka Peru hadi Polynesia kwa chelezo cha magogo yake. Siku hizi hutiwa ndani ya mapanga ya mitambo ya upepo itoayo umeme.

Lakini gogo bichi limejaa maji. Lisipokaushwa upesi kwa tanuri, huharibika. Nani kati yetu ana tanuri? Na soko je? Mwaka 2020 bei ilipanda mno huko Ecuador, watu wakapanda kwa pupa; viwanda vikageukia plastiki, bei ikaanguka.

Jirani na Ruponda, huko Nachingwea, msitu ulifyekwa kwa matrekta kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, bila majaribio ya kutosha. Mwaka 1951 ukaachwa.

Atakaye balsa na apande miche kumi mpakani. Shimo la mkarafuu litiwe mkarafuu.